Riziki ya Ubongo

 Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na jinsi yanavyouathiri mwendo wa damu katika ubongo. Nami nimeona vema mazungumzo haya yawe ya asubuhi, kwa sababu saa hizi za baina ya alfajiri na adhuhuri ndizo ambazo, kwa mujibu wa hesabu za matabibu wa nchi nyingi, kiharusi huwashukia watu kwa wingi kupita saa nyingine zote za mchana na usiku, maana mwili unapoamka presha nayo hupanda pamoja nao, na damu yenyewe huwa rahisi zaidi kuganda.

Katika mitaa yetu ya Tabora mjini mtu akiamka na mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki na maneno hayatoki, swali la kwanza aghalabu si presha yake ilikuwa kiasi gani, bali ni nani aliyemtupia kitu, au ni upepo gani aliokutana nao usiku alipotoka nje kwenda haja. Na kabla jua halijapanda mchango wa nauli umekwisha kufanywa, lakini nauli hiyo ni ya kwenda kwa mganga, si ya kwenda hospitali ya Kitete. Simcheki mtu. Maradhi yanayokuja bila homa, bila jeraha na mara nyingi bila maumivu, yakamgawa mtu kwa mstari upitao katikati ya uso wake, upande mmoja mzima na upande wa pili hauna habari, ni maradhi ambayo akili ya binadamu popote pale ilikuwa haina budi kuyatafutia sababu nje ya mwili. Hata mabingwa wa tiba walikwenda kwa kupapasa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Qanun, kitabu chake cha tiba, juu ya faliji, yaani kupooza, na sakta, yaani kuanguka ghafla, akataja kuziba kwa njia za ubongo, ingawa aliyedhani kuwa anapita katika njia hizo ni roho. Ikabidi ifike mwaka 1658 ndipo Johann Jakob Wepfer, tabibu wa Uswisi, alipoandika kuwa amefungua mafuvu ya waliokufa ghafla akakuta damu imemwagika ndani.

Wala tusidhani kuwa dhana hizi ni za watu wa shamba peke yao. Watafiti waliokwenda Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na Dar es Salaam, wakawauliza wananchi kiharusi hutoka wapi, walichapisha mwaka 2008 jambo ambalo mimi lilinistaajabisha: watu wa Hai, wenye migomba na ng'ombe, walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, ilhali watu wa jijini, wenye hospitali ya Muhimbili mlangoni mwao, walitaja zaidi mapepo na uchawi. Na jijini huko ndiko ugonjwa wenyewe ulikojaa. Baina ya 2003 na 2006 kundi la watafiti, akiwamo Dakta Richard Walker wa Uingereza na Profesa Ferdinand Mugusi wa Dar es Salaam, liliwahesabu waliopigwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika sehemu hizo mbili. Na hesabu zilipokwisha kusawazishwa kwa umri, Hai ilipata watu 108 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam ikapata 315, kiasi kinachopita kile cha nchi nyingi za matajiri. Tabora haikuwamo katika hesabu ile, lakini Ipuli ya leo, mtaa wetu wa hapa Tabora wenye bodaboda kila kona na chipsi kila jioni, sioni kuwa inafanana zaidi na migomba ya Hai kuliko na mitaa ya Dar es Salaam.

Sasa tuutazame ubongo wenyewe na riziki yake. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban ratli tatu, yaani sehemu mbili hivi katika mia ya uzito wa mwili. Walakin katika lita tano za damu ambazo moyo huzitoa kila dakika mtu akiwa ametulia, ubongo peke yake huchukua karibu robo tatu za lita, na katika oksijeni yote itumiwayo na mwili hula sehemu moja katika tano. Ajabu ya kiungo hiki chenye matumizi makubwa kiasi hicho ni kuwa hakina akiba. Ini huweka sukari, misuli huweka, mafuta hukaa tumboni yakingoja siku ya njaa. Ubongo hauweki kitu kinachofaa kutajwa, bali huishi kwa kile kinachoufikia dakika hiyo. Moyo ukisimama ghafla mtu huzimia katika muda wa sekunde kumi hivi, na zikipita dakika chache sehemu za ubongo huanza kufa pasina marejeo.

Kila gramu mia za ubongo hupata, katika afya, takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20 hivi, seli hunyamaza: hazifanyi kazi, mkono umelegea, ulimi umekwama, lakini zi hai bado. Zikishuka chini ya 10, hufa. Mgonjwa wa kiharusi aliyelala juu ya mkeka asubuhi hii ana sehemu iliyokwisha kufa, na pembeni mwake ana sehemu nyingine, aghalabu kubwa kuliko ile, ambayo imenyamaza ikingoja. Na kwa macho ya jamaa zake waliomzunguka sehemu hizo mbili hazina tofauti, kwani mkono uliolegea ni mmoja tu. Daktari mmoja wa California, Jeffrey Saver, alikadiria mwaka 2006 kuwa mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za fahamu zipatazo milioni 2 hupotea kila dakika inayopita. Mabishano ya nusu saa juu ya nani alimroga ni mabishano yenye bei.

Natuanze na moyo, kwa kuwa ndiko riziki hii inakotoka. Moyo huudhulumu ubongo kwa namna zaidi ya moja, na namna iliyo ya taratibu ndiyo inayosahauliwa. Mtu ambaye misuli ya moyo wake imechoka, ama kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa, ama kwa udhaifu wa misuli hiyo ambao huwapata hata akina mama waliotoka kujifungua, hutambulikana kwa miguu iliyovimba jioni na kwa mito miwili mitatu anayoihitaji ili apate pumzi usiku. Akapelekwa kwa tabibu, akapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, na aila nzima ikawa inaitazama miguu. Ni wachache watakaoona kuwa mtu yule yule amekuwa mzito wa kujibu, anauliza tena alichokwisha kuuliza, anaghafilika katikati ya maneno, kwa sababu damu iufikiayo ubongo imepungua mwezi baada ya mwezi, si kwa kiasi cha kumwangusha, bali kwa kiasi cha kumpunguzia akili yake kidogo kidogo.

Namna ya pili ni moyo kupoteza utaratibu. Vyumba vyake vya juu, badala ya kujikunja na kukunjuka kwa zamu, hutetemeka tu, na damu inayokawia katika pembe za vyumba hivyo huganda. Bonge likifunguka likachukuliwa na mkondo, huweza kupanda kwa mishipa ya shingo hadi ubongoni. Wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, ambao mioyo yao imekuwa ikichunguzwa tangu mwaka 1948, ndio waliowafunulia matabibu kwamba mwenye moyo wa namna hiyo hukabiliwa na hatari ya kiharusi takriban mara tano kuliko mwenziwe.

Hatua ya kwanza ya kuutambua haihitaji mashine. Msikilizaji asiye na kitu mkononi sasa hivi na aulaze mkono wake wa kushoto pajani, kiganja kikitazama juu, kisha aweke vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo upande wa kidole gumba, penye kibonde baina ya mfupa na kano. Asikandamize sana, asubiri. Nitanyamaza kidogo. Mapigo yakija kwa nafasi zilizo sawa, yawe ya haraka au ya polepole, utaratibu upo. Pigo moja kuruka hapa na pale si ajabu. Lakini yakija mawili ya haraka, moja likakawia, manne yakafuatana, kimya, kisha moja hafifu mno, na fujo hiyo ikaendelea dakika nzima, basi mwenye mkono huo aende akachorwe mapigo kwa mashine hospitalini, hata kama halalamiki maumivu yoyote. Ipo dawa ya kuzuia damu isigande moyoni. Inataka uangalizi wa tabibu, kwa kuwa ikizidi humtoa mtu damu, na haifai kuazimana.

Huku kwetu moyo usio na utaratibu si jambo la wazee peke yao kama lilivyo aghalabu Ulaya. Mtoto wa shule akiugua mafindofindo ya aina fulani yasiyotibiwa, huweza baada ya wiki chache kushikwa na homa na kuvimba viungo. Na kinga ya mwili wake, iliyokusudia kuwapiga vijidudu, ikaijeruhi milango ya moyo wake mwenyewe. Homa hupoa, mtoto hurudi shuleni, watu husahau, na mlango wa moyo hubaki na kovu linaloukaza mwaka hata mwaka, mpaka siku moja, naye ni binti wa miaka 25 mwenye mtoto mgongoni, anaanguka kisimani na upande mmoja umepooza. Hapo ndipo hoja ya uchawi inapopata nguvu zake zote, kwa maana kila mtu anajua kuwa kiharusi ni cha wazee wenye presha, na huyu presha hana. Kweli hana. Lakini bonge lililomwangusha lilitoka nyuma ya mlango ule wenye kovu. Aliyekwisha kupatwa na homa ile hulindwa kwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, jambo linalochosha, najua. Na mlango ulioharibika huweza kupasuliwa ukabadilishwa, kazi ambayo zamani ilimlazimu mgonjwa apelekwe India, na ambayo leo hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015.

Tutoke moyoni, tupande shingoni. Damu huufikia ubongo kwa mishipa minne: miwili mikubwa ya mbele, ambayo mtu akigusa pembeni mwa koo huisikia inapiga, na miwili midogo ya nyuma ipitayo ndani ya matundu ya pingili za shingo. Yote minne hukutana chini ya ubongo, ikaunganishwa na vijishipa vilivyofanya duara, duara ambalo Mwingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664, na picha akachorewa na Christopher Wren, yule aliyekuja kulijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la London.

Watu wa Tabora tunaweza kuifahamu kazi ya duara hilo hata bila kitabu cha Willis, kwa kuyakumbuka yaliyotokea hapa mwaka 1871. Mwaka huo Mtemi Mirambo aliifunga njia kuu ya misafara ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe wakaenda kupigana naye, wakashindwa. Na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara, karibu na hapa, na mizigo yake akimtafuta mmisionari David Livingstone, alipoona njia haitafunguka karibuni, alitoka mwezi wa Septemba akazunguka kusini kupitia Ugunda, akakatiza mapori, akapanda tena kaskazini hadi Uvinza na mto Malagarasi, na mwezi wa Novemba akaingia Ujiji. Njia ilifungwa, msafara ukafika. Lakini ulifika kwa sababu kiongozi wake alipata wiki kadhaa za kujiandaa, na wapagazi, na nguo na shanga za kulipia hongo kila mpakani. Mfanyabiashara ambaye njia ingalimfungia akiwa tayari katikati yake, chakula kimekwisha, asingalifika. Ndivyo yalivyo mambo ya shingo na kichwa. Mshipa mmoja mkubwa ukizibika polepole, kwa miaka, damu hupata nafasi ya kuzipanua njia za pembeni, na wako watu wanaotembea hapa mjini na mshipa mmoja wa shingo umeziba kabisa nao hawajui. Ukizibika kwa dakika moja, kwa bonge lililotoka moyoni au kwa ukoga wa mafuta uliopasuka ndani ya mshipa, mzunguko haujaandaliwa, na wako watu ambao kwa maumbile yao duara lile halikukamilika, wasio na pa kuzungukia.

Na kwa kuwa tumemtaja Stanley, tumalize habari zake: mwezi wa Aprili 1903, naye ana miaka 62, alipigwa na kiharusi kilichompooza upande mmoja wa mwili, na mwezi wa Mei mwaka uliofuata akafa. Kupooza kwa Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyemtangulia, ni jambo jingine. Yeye, baada ya kukaa hapa Kaze, yaani Tabora ya zamani, mwishoni mwa 1857, alipokuwa njiani kuelekea Ziwa Tanganyika Januari 1858, alikufa ganzi mikono na miguu yote akawa wa kubebwa; na ulemavu huo wa pande zote mbili, uliokuja pamoja na homa, haukuwa kiharusi. Naitaja tofauti hii kwa sababu hata leo maneno ya mtaani huviweka vitu hivi viwili katika kapu moja.

Ukoga nilioutaja ni mafuta, yale yaitwayo kolestro, yanayojiingiza katika ukuta wa mshipa uliokwisha kujeruhiwa na presha, na kisukari, na moshi wa sigara. Lakini madhara mengi ya presha peke yake hayako katika mishipa hii mikubwa. Yako katika vijishipa vyembamba vinavyoingia ndani kabisa ya ubongo. Huko kuta hunenepa na tundu hupungua. Kimoja kikipasuka, damu humwagika, na hicho ndicho kiharusi kiuacho upesi. Kimoja kikiziba, kipande cha ubongo kisichofika sentimita moja na nusu hufa, na mara nyingi mtu hasikii kitu. Akazibiwa cha pili mwaka wa kesho, na cha tatu, na hakuna siku ambayo aila yake inaweza kuitaja kuwa ndiyo siku aliyougua.

Hapa napenda nikae kidogo. Karani mstaafu wa reli, mtu ambaye miaka thelathini alikuwa akijumlisha tiketi kwa kichwa, anasimama dukani na noti ya elfu tano mkononi, amenunua sukari ya elfu tatu, na hajui arudishiwe ngapi. Anacheka, muuzaji naye anacheka, wanasema uzee huo babu. Miezi sita hali haibadiliki, kisha wiki moja inashuka ghafla, anavaa shati nje ndani, anashindwa kuukunja mkeka wa kuswalia. Kisha inatulia tena. Kushuka huku kwa ngazi, pamoja na mwendo wa hatua fupi za kuburuta miguu na kilio au kicheko kisicho na sababu, ni dalili za ubongo ambao mishipa yake midogo inaziba. Kule Hai, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakachapisha mwaka 2013 kwamba takriban 6 katika kila 100 walikuwa na upungufu huu wa akili, kwa sababu moja au nyingine, na mishipa ni moja ya sababu kubwa.

Mzee mwanamume akifikwa na hayo, watu husema amerudi utotoni, wakamvumilia. Bibi kizee akifikwa na hayo hayo, akatoka usiku bila kujua anakokwenda, akasimama uani mwa jirani akizungumza peke yake, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, sote tunajua jina atakaloitwa. Katika mikoa hii yetu ya magharibi na ile ya kandokando ya Ziwa Victoria vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya jina hilo. Sidai kuwa kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa mishipa. Wengi walikuwa wazima kabisa, wana shamba ambalo mtu alilitamani. Lakini nasema kwamba anayemwona mama yake mzazi anatangatanga usiku, akaitisha kikao cha ukoo kabla ya kumpima presha, ameanzia mwisho.

Tumeulizwa, kwa nini mambo haya yamezidi siku hizi na wazee wetu hawakuwa nayo? Walikuwa nayo, ila wengi walikufa kwa mengine kabla hayajawafika. Hata hivyo yako yaliyobadilika. Mnyamwezi wa karne ya kumi na tisa alitoka hapa na frasila mbili begani akaenda Bagamoyo kwa miguu, akarudi kwa miguu. Chumvi aliyoila ilitoka Uvinza, ambako waliochimba mambo ya kale katika miaka ya 1960 walipata dalili za watu kupika chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja kabla yetu. Ilichemshwa kwa kuni nyingi, ikafungwa, ikabebwa kichwani siku nyingi, ikawa ni mali ya kubadilishana, na mtu hawezi kuimwaga mali katika mboga bila kufikiri. Leo pakiti ni shilingi mia chache, na kitukuu wake haendi sokoni ila kwa bodaboda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, humo ikiwamo ya mboga, ya dagaa, ya mkate na ile inayonyunyizwa tena juu ya chipsi mezani.

Habari ya tumbaku katika mkoa huu inataka adabu, kwa sababu ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Urambo ilianza na karanga za Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, karanga zikashindwa, tumbaku ikashika nafasi yake, na mpaka leo mabani ya kukaushia yanafuka moshi kila msimu. Mkulima mwenyewe huenda havuti hata moja. Lakini anayevuta, kila sigara humkaza mishipa na kuinua mapigo ya moyo, na moshi wake hukalia nafasi ya oksijeni katika damu ile ile ambayo tumesema ubongo hauna akiba yake. Ugoro wa akina bibi nao, ingawa hauna moshi, una nikotini ile ile ya sigara, inayokaza mishipa.

Nimesikia mara nyingi mjukuu akiuliza, "Babu, vidonge vya presha unameza?" na babu akajibu, "Nameza, mjukuu wangu, kichwa kikiniuma." Katika jibu hilo ndimo ulimo msiba wote. Presha haiumi. Kipimo cha 140 kwa 90 na zaidi, kilichorudiwa siku tofauti, ni presha hata kama mwenyewe amelala usingizi mzuri na kula ugali wake akashiba. Na kidonge kinachomezwa siku ya maumivu hakilindi siku ambazo maumivu hayapo. Jambo la kinyume chake nalo lina hatari: aliyeacha dawa miezi mitatu asimeze vinne kwa pamoja kufidia. Vijishipa vya ubongo vina hekima ya kujipanua presha inaposhuka na kujikaza inapopanda, ili riziki isibadilike. Na katika mtu aliyezoea presha kubwa kwa miaka, kipimo cha hekima hiyo kimehamia juu, hata presha ya 200 ikiangushwa kwa ghafla mpaka 120 ubongo wake huona njaa. Hushushwa kwa taratibu, na mwenye kujua.

Na ikitokea mdomo umekwenda upande, mkono mmoja unaanguka anapoambiwa ainue yote miwili, au maneno yamechanganyika, msimpe maji wala uji, kwa sababu koo huenda halimezi sawasawa, msimpe aspirini, kwa sababu hakuna aliye nyumbani awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na hilo huonekana kwa picha ya kichwa tu, kama ile ya CT-Scan, msimchanje chale. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni gari au bajaji, na mtu aliyepooza asipakiwe bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, kichwa kikining'inia baina ya watu wawili. Hata dalili zikiisha zenyewe baada ya robo saa, aende vilevile, maana kiharusi kikubwa huweza kufuata katika siku chache. Mtaniambia kuwa dawa ya kuyeyusha bonge, iliyothibitishwa Marekani mwaka 1995 na inayotakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu, ni adimu kwetu bara. Ni kweli. Lakini wagonjwa wengi hawauawi na bonge lenyewe, bali na uji uliopita njia ya hewa, na vidonda vya mgongoni, na sukari isiyopimwa, na presha iliyochezewa. Na haya muuguzi mwangalifu huyazuia bila dawa hiyo.

Na la mwisho: wenye vidonge vya presha wanaokwenda kwenye mabani ya Sikonge au Ulyankulu msimu wa tumbaku na wachukue vya kuwatosha mpaka siku ya kurudi, na kadi ya kliniki waifunge pamoja navyo, kwa sababu zahanati ya huko haiwezi kukisia ni dawa gani mtu alikuwa akipewa hapa mjini.